Karatasi imeandikwa "Daraja A": kijana asaini?

BARUA

Mama, hodi hapo kwenye safu yako.

Mimi ni Mkongo wa Fizi niliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Nilifika Marekani mwaka 2014 na sasa naishi kaskazini mwa Texas, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Mwaka 2020 niliapishwa kuwa raia. Nakuandikia saa moja asubuhi, nimetoka kazini sasa hivi na usingizi hauji.

Kaka yangu alifariki akaacha mtoto wa miaka mitatu. Mtoto huyo ni mwanangu, hajui baba mwingine. Nilipoondoka kambini nilimwacha kwa mama yangu, na Agosti 2022 wote wawili walikuja kwa njia ya ukimbizi, wakafikia nyumbani kwangu. Ana grini kadi. Sasa ana miaka 17, yuko darasa la 11, anacheza mpira, hana neno na mtu.

Machi mwaka huu alikwenda madukani na rafiki yake. Walikamatwa mlangoni na mfuko wenye viatu jozi mbili, jaketi moja na vifaa vya kusikilizia muziki. Mlinzi wa duka aliandika orodha: dola 812. Kijana anasema viatu vilikuwa kwenye rafu ya punguzo, robo ya bei imekatwa, lakini mlinzi aliandika bei ya kwenye lebo. Alilala jela usiku mmoja, nikamtolea dhamana.

Kesho yake nilimchukua mchungaji wetu tukaenda dukani kuomba msamaha. Meneja alitusikiliza vizuri. Baadaye ikaja barua ya mawakili wa duka inadai fidia, nikalipa yote. Nilidhani yameisha. Wiki mbili hazijapita ikaja karatasi ya mahakama: wizi, Daraja A.

Wakili aliyepewa na mahakama tuliongea naye dakika tano kwenye korido, mtoto wa binamu yangu akitafsiri. Alisema kuna ofa nzuri: kijana akiri, akae chini ya uangalizi mwaka mmoja, akimaliza salama hakuna hatia itakayoandikwa. Rafiki yake, ambaye amezaliwa hapahapa Marekani, ameshasaini na yake yamekwisha. Sisi tumepangiwa tarehe 9 mwezi ujao.

Mama, Daraja A ni kosa kubwa au dogo? Hawa ni watoto, kwa nini wasipelekwe mahakama ya watoto? Kanisani wengine wananitisha kwamba atarudishwa Kongo, nami nawaambia haiwezekani, mimi ni raia na yeye amenifuata. Je, asaini?

Baba wa kijana, Texas

JIBU

Ndugu yangu, karibu, na pole kwa usiku huo wa jela. Najua aliyeulala hakuwa kijana peke yake.

Swali lako la mwisho nalitanguliza, maana tarehe 9 haiko mbali. Asisaini. Asisaini mpaka wakili wake ajue, kwa kinywa chako na kwa karatasi mkononi mwako, kwamba kijana huyu si raia wa Marekani.

Naam, si raia. Hapa najua ninapoligusa panauma. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto, na wewe ni baba mdogo. Neno "baba" limo ndani ya jina lako na hakuna mzee Fizi nzima atakayekuuliza zaidi ya hapo. Sheria ya uraia ya Marekani haimjui baba mdogo. Ile sheria ya mwaka 2000 unayoisikia kanisani, inayowapa watoto uraia moja kwa moja, inamhusu mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi, anayeishi Marekani mikononi mwa mzazi ambaye ni raia. Na "mzazi" kwao ni aliyemzaa, au aliyemwasili mahakamani kabla mtoto hajatimiza miaka 16. Ungekuwa umemzaa wewe, ningekuambia kalale: angekuwa raia tangu siku grini kadi yake ilipotoka, hata kama hakuna aliyekuambia. (Wazazi wengine mnaosoma hapa, wenye watoto wa kuwazaa na uraia mkononi, hebu liangalieni hili leo hii. Mkamkatie mtoto pasipoti. Nimekutana na familia zilizokaa na hofu miaka wakati mtoto alishakuwa raia zamani.) Lakini wewe umemlea kwa upendo na kwa desturi, bila karatasi ya mahakama, na miaka 16 imeshampita. Kwa hiyo watu wa kanisani hawakutishi bure, ingawa hawajui sababu yenyewe. Sababu nitakueleza, na utaona kwamba mlango haujafungwa.

Mimi si wakili. Nimetafsiri Kiswahili kwenye mahakama za jimbo hili kwa miaka mingi, nimesimama kando ya watu wetu wakati jaji anasoma, na ninachokuandikia ndicho ninachotamani kila mmoja wao angekijua kabla hajashika kalamu.

Uliishi Tanzania, kwa hiyo unajua Kanuni ya Adhabu ya Bara ni moja, Kigoma mpaka Mtwara. Marekani haiko hivyo. Yapo majimbo 50 na kila jimbo lina kitabu chake cha makosa na adhabu, na juu yake ipo sheria ya serikali kuu. Kuiba vitu vya dola 812 California ni kitu kimoja, Texas ni kitu kingine. Ndugu yako wa Ohio akikupigia simu kukuambia "kesi kama hiyo ni ndogo, mwanangu ilimwisha kwa faini", msikilize kwa heshima, kisha usifuate.

Texas inagawa makosa mafungu mawili: makosa madogo, wanayoyaita misdimina, na makosa makubwa, feloni. Madogo yana madaraja matatu. Daraja C ni faini tu, isiyozidi dola 500, hakuna jela. Daraja B ni jela ya kaunti hadi siku 180 na faini hadi dola 2,000. Daraja A, alilopewa mwanao, ni jela ya kaunti hadi mwaka mmoja na faini hadi dola 4,000. Ukivuka hapo umeingia feloni. Ngazi ya chini kabisa inaitwa feloni ya jela ya jimbo, siku 180 hadi miaka 2, na wengi wetu hulisikia jina hilo wakadhani ni kitu chepesi kwa sababu lina neno "jela" badala ya "gereza". Ni feloni kamili, na faini yake yaweza kufika dola 10,000. Juu yake kuna feloni za digrii tatu: ya tatu miaka 2 hadi 10, ya pili 2 hadi 20, ya kwanza 5 hadi 99 au maisha. Zinahesabiwa kurudi nyuma, namba ndogo ndiyo nzito, na hilo limewachanganya watu mbele ya macho yangu. Juu ya zote ni makosa ya kifo.

Kwa hiyo, kwa lugha ya Texas, Daraja A ni kosa dogo. Ndilo kubwa kuliko madogo yote. Mtoto wa miaka 17 anayeshtakiwa mara ya kwanza kwa wizi wa dukani ni nadra apewe mwaka mzima wa jela, na hata wakili wako analijua hilo, ndiyo maana anaiita ofa nzuri. Kwa upande wa jela, ni nzuri kweli. Shida ya mwanao haiko jela.

Wizi Texas hupangwa kwa thamani ya mali. Chini ya dola 100 ni Daraja C. Kuanzia 100 hadi chini ya 750 ni Daraja B. Kuanzia 750 hadi chini ya 2,500 ni Daraja A. Kuanzia 2,500 ni feloni, na ngazi zinaendelea kupanda: 30,000, 150,000, 300,000. Mistari hii imekaa hivyo tangu Septemba 2015. Yako mambo yanayoruka ngazi bila kujali thamani. Ukiiba bunduki, ni feloni hata kama ni mbovu. Ukimchomolea mtu kitu mwilini mwake, feloni. Na aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili kwa wizi, akiiba tena kitu cha dola 20, sheria inaruhusu ashtakiwe kwa feloni.

Umeandika "walikamatwa mlangoni". Mkae chini, muulize kijana polepole: kuna aliyemsukuma mlinzi? Kuna aliyemtishia? Simuulizi kwa ubaya. Texas, mtu akimwumiza au kumtishia mwingine kwa makusudi akiwa katika wizi au akikimbia nao, jina linabadilika kuwa unyang'anyi, na unyang'anyi ni feloni ya digrii ya pili, miaka 2 hadi 20, hata kama kilichoibwa ni soksi. Hati yake inasema wizi tu, tushukuru. Lakini kama mlango ule ulikuwa na vurugu, wakili alisikie kutoka kwenu, asilisomee kwenye ripoti ya polisi.

Sasa turudi kwenye viatu.

Chukua ile orodha ya mlinzi uisome na kijana mezani. Sema jozi mbili za viatu, dola 160 kila moja, zinafanya 320. Zilizobaki, jaketi na vifaa vya muziki, zinafanya 492. Jumla 812. Kama kweli viatu vilikuwa kwenye rafu ya punguzo la robo bei, viatu ni 240, na jumla inashuka hadi 732. Mstari uko 750. Sheria ya Texas inapima thamani kwa bei ya soko ya kitu, siku hiyo na mahali hapo kilipoibwa. Lebo iliyochapwa kiwandani ni ushahidi, siyo mwisho wa mazungumzo, na mzigo wa kuthibitisha thamani hiyo pasipo shaka ya msingi ni wa mwendesha mashtaka. Kijana wako hana haja ya kuthibitisha chochote. Wakili wake ndiye wa kuuliza: siku ile duka lilikuwa linauza viatu hivyo bei gani? Iko kompyuta ya duka inayojua jibu. Pengine iko hata picha kwenye simu ya mmoja wao, maana vijana hawaingii dukani bila kupiga picha.

Usijaribu kuugawa mfuko ukisema "jaketi lilikuwa la rafiki". Walikuwa pamoja, na sheria ya hapa humhesabu aliyesaidia sawa na aliyechukua. Jumla ni ya wote wawili.

Kwa nini nazikazania dola hizi 80 kama mama anayehesabu chenji sokoni? Kwa sababu ya siku moja.

Sheria ya uhamiaji ya serikali kuu ina kundi inaloliita makosa ya utovu wa maadili, na wizi wa kukusudia kumnyang'anya mwenye mali ni mmoja wa wakongwe wa kundi hilo. Mtu asiye raia anaweza kufukuzwa nchini kwa kosa moja tu la namna hiyo kama alilitenda ndani ya miaka mitano tangu aingizwe Marekani, na kama kosa hilo kisheria *linaweza* kuadhibiwa kwa mwaka mmoja au zaidi. Soma tena hilo neno. Linaweza. Hawaulizi alifungwa muda gani. Wanauliza kitabu cha jimbo kinasemaje juu ya adhabu ya juu kabisa. Mwanao aliingia Agosti 2022, miaka mitano bado. Na Daraja A la Texas adhabu yake ya juu ni mwaka mmoja kamili. Amegonga mstari kwa siku moja.

Majimbo mengine yameliona hili. Jimbo la Washington lilipunguza adhabu ya juu ya makosa yake madogo mwaka 2011 kutoka siku 365 hadi 364. California ikafuata, sheria yake ikaanza 2015. Minnesota, kwenye Waswahili wengi, ilifanya hivyo 2023. Siku moja ilikatwa kwa makusudi, ili kosa dogo lisivunje nyumba ya mhamiaji. Texas haijakata. Kijana huyuhuyu, mfuko huohuo, Minneapolis angekuwa na hatari nyingine kabisa.

Daraja B, lile la chini ya dola 750, mwisho wake ni siku 180. Haligusi mwaka. Ndiyo maana ile rafu ya punguzo ina uzito kuliko barua zote za mchungaji. Ikiwa wakili ataweza kumwonyesha mwendesha mashtaka kwamba bei halisi ilikuwa 732, au hata kumfanya akubali kushusha daraja kwa kuwa thamani ina utata, kijana anatoka kwenye hatari hiyo ya kwanza. Usifikiri akipata B amekuwa huru kama ndege, maana kosa bado ni la utovu wa maadili, na la pili la aina hiyo, mwaka wowote ule, linamrudisha pabaya. Lakini bado ni tofauti ya kulala na kutolala.

Tuje kwenye ofa yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wengi walipoangukia, tena wakiwa wanatabasamu.

Wanachomwahidi ni hukumu iliyoahirishwa. Anakiri, au anasema hapingi. Jaji hatangazi hatia. Anakaa chini ya uangalizi. Akimaliza, kesi inafutwa. Kwa Texas, hakuhukumiwa. Akiomba kazi kesho anaweza kueleza hivyo. Lakini sheria ya uhamiaji ina maana yake yenyewe ya neno hatia: kama mtu alikiri au hakupinga mbele ya mahakama, na jaji akamwekea adhabu au kizuizi chochote juu ya uhuru wake, hiyo ni hatia. Uangalizi ni kizuizi. Kwa hiyo wakili hakudanganya aliposema hakuna hatia itakayoandikwa. Alisema kweli ya nyumba moja, na mwanao anaishi katika nyumba mbili.

Rafiki yake amesaini na amekwenda zake, sawa. Amezaliwa hapa. Karatasi ileile, kalamu ileile, na kwake ile nyumba ya pili haipo. Usimwonee wivu wala usimfuate.

Niliwahi kukaa na mzee mmoja benchi la nyuma, folda yake ya plastiki ya bluu magotini, kila kitu kimepangwa: cheti cha kumaliza uangalizi, risiti za ada za kila mwezi, barua ya mwajiri. Alikuwa amefanya yote aliyoambiwa. Alikuja na folda ile kuomba uraia, na folda ile ndiyo iliyomfichua. Alikuwa anairudisha karatasi moja moja mahali pake huku akiniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Sasa niliwalipa kwa ajili ya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kuna kitu kingine cha kuomba kinachofanana kwa sura lakini si kilekile: mpango wa kuepusha mashtaka. Humo kijana anafanya kazi za jamii, anahudhuria mafunzo, analipa, na mwisho kesi inafutwa, ila *hakiri* mbele ya jaji. Bila kukiri na bila hukumu, maana ya hatia ya uhamiaji haitimii. Kaunti nyingi za Texas zina mipango ya aina hii kwa vijana wa kosa la kwanza. Tahadhari yangu moja: baadhi yake humtaka mtu aandike maelezo ya kukiri na kuyatia sahihi kwanza. Wakili wa uhamiaji ayaone maneno hayo kabla ya sahihi, kila neno.

Na ikiwa siku yoyote mtu atawaambia "atapewa mwaka mmoja lakini umesimamishwa, hataenda jela", kataeni palepale mpaka mshauriane. Kwa wizi, kifungo cha mwaka mmoja, hata kilichosimamishwa, hata asipokitumikia siku moja, uhamiaji unakiita feloni nzito, na hapo milango karibu yote inafungwa. Ndiyo, kosa dogo la Texas linaitwa feloni nzito kwenye sheria ya uhamiaji ya serikali kuu. Nimelitafsiri hilo mara nyingi na bado ulimi wangu unakwama.

Kuhusu mahakama ya watoto, unachouliza kina haki ndani yake. Texas ni moja ya majimbo machache ambayo bado yanamhesabu mtu wa miaka 17 kuwa mtu mzima katika jinai. Hawezi kupiga kura, lakini akikamatwa anapelekwa jela ya watu wazima. Angekuwa na 16 siku ile, kesi ingekwenda mahakama ya watoto, na maamuzi ya mahakama ya watoto kwa kawaida uhamiaji hauyahesabu kuwa hatia. Mimi naona ni sheria mbaya, na nitaendelea kusema ni mbaya. Lakini tarehe 9 sheria hiyo ndiyo itakayotumika.

Na duka? Ulifanya kama mtu aliyelelewa vizuri. Kwetu ukikosea unamchukua mzee, unakwenda kwa mlalamikaji, unaomba, unalipa, mlalamikaji anakwenda polisi kusema yameisha. Tazama juu ya karatasi yako ya mahakama palipoandikwa majina ya pande mbili. Upande mmoja jina la mwanao. Upande wa pili hutaona jina la duka. Utaona Jimbo la Texas. Jimbo ndilo mlalamikaji, na meneja hana uwezo wa kulinyamazisha. Zile fedha ulizolipa zilikuwa dai la kesi ya madai, si ya jinai, mlango wake tofauti. Risiti itunze, wakili ataitumia kuonyesha duka limefidiwa. Ila kuanzia leo usirudi dukani, wala usimtume mchungaji, wala usimpe mlinzi yule hata soda. Kumpa shahidi kitu ili asitoe ushahidi ni kosa jingine la jinai Texas, na nia yako njema haitaonekana kwenye kamera. Kama kuna fidia zaidi ya kulipa, ipite kwa wakili na mwendesha mashtaka akijua.

Sasa huyo wakili wa dakika tano. Usimchukie, folda zake ni nyingi, lakini mkumbushe wajibu wake. Machi 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky. José Padilla alikuwa mzaliwa wa Honduras, ameishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40, amelitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa na bangi kwenye lori lake. Wakili wake alimwambia asiwe na hofu ya uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri. Na kukiri kule kukafanya kufukuzwa kwake kuwe karibu jambo la lazima. Mahakama Kuu ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kikatiba kumwambia mteja asiye raia kama kukiri kwake kuna hatari ya kumfukuzisha. Wajibu huo unamhusu wakili aliyepewa bure sawasawa na wa kulipwa. Wala msimtegemee jaji: onyo la uhamiaji ambalo sheria ya Texas inamlazimisha jaji kulitoa ni la kesi za feloni. Katika kosa dogo anaweza kukaa kimya, nanyi mkadhani kimya chake ni salama.

Basi wiki hii fanya hivi. Piga simu ofisi ya wakili, na wasipopokea, nenda na karatasi. Mpelekee nakala ya grini kadi, pande zote mbili, na karatasi ya kuingilia nchini ya Agosti 2022. Mwambie, au mpe kwa maandishi: "Kijana huyu si raia. Aliingia kama mkimbizi mwaka 2022. Tunaomba uzungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kukubali ofa yoyote. Viatu vilikuwa vimepunguzwa bei, tunaomba uchunguze thamani." Ikiwa anahitaji muda, aombe jaji aahirishe. Kuahirishwa si aibu na hutokea kila siku. Wakati huohuo tafuta mwenyewe wakili wa uhamiaji. Shirika lililowapokea bibi na kijana mwaka 2022 mara nyingi lina idara hiyo au linajua wa bei nafuu.

Mkatae mtoto wa binamu kuwa mkalimani. Najua anajua Kiingereza cha shule. Lakini hajui tofauti ya "akiri" na "asipinge", na akikosea, kosa linabaki kwa mwanao. Aliyeshtakiwa kwa jinai Texas asiyeelewa Kiingereza ana haki ya mkalimani anayelipwa na kaunti. Kama kijana mwenyewe sasa anaelewa vizuri, sawa, wewe mzazi bado omba mkutano wenye mkalimani ofisini kwa wakili. Na katika ile fomu ya mahakama, penye swali la lugha, andikeni "Kiswahili". Msiandike "Kiafrika", nimeona karani akiandika hivyo na watu wakaja na mkalimani wa lugha isiyo yao.

Tarehe 9 mfike mapema, hata kama gari limekufa, hata kama umetoka zamu. Kutofika kwa kesi kama hii ni Daraja A jingine peke yake, pamoja na hati ya kukamatwa. Mpaka kesi iishe na wakili wa uhamiaji aseme neno, kijana asitoke nje ya Marekani, hata kuwe na msiba Uvira, na asijaze fomu yoyote ya serikali. Na simu yake: asiandike habari za siku ile kwa rafiki, asimtumie sauti mtu, asiombe radhi kwa yeyote kwenye mtandao.

Bibi yake mwambieni ukweli, kwa maneno anayoyaelewa. Amevuka ziwa na mtoto huyu, hastahili kuokotaokota habari zake kwenye ibada.

Ukishamwona wakili niandikie tena, uniambie ile kompyuta ya duka inasema viatu vilikuwa bei gani.